Dakika Mbili za Kumsifu Clevester

Shemasi Hosea Stubblefield alikwenda mwenyewe mpaka barazani kwa Ozella Gathings. Akavua kofia, akakataa kiti, akakataa chai ya barafu, akabaki amesimama kwenye ngazi kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

"Dada Ozella, mdogo wako tutamzika Nebo," alisema. "Ubavuni kwa mama yenu, mkono wa kushoto."

"Mungu akubariki, Shemasi."

"Usinibariki bado. Kuna sharti."

Ozella akaweka chini kisu na bakuli la bamia. Alikuwa akilingoja hilo sharti tangu simu ya hospitali ilipolia. Kanisa la Nebo lilijengwa na watu waliotoka kwenye pamba na vidole vinavuja damu, na walipokwisha kupigilia msumari wa mwisho walikaa chini wakaandika kanuni. Moja ilisema kwamba mtu anayepiga muziki wa dansi hapewi kaburi katika uwanja wa kanisa. Na Clevester, mdogo wake Ozella, hakuwahi kufanya kazi nyingine tangu aache kuvaa kaptula. Dunia nzima ilimjua kwa jina la Molasi Gathings, mpiga gita la bluzi. Kuna mtu aliandika kitabu kizima juu ya kidole gumba chake tu, na cha mkono mmoja. Lakini watu wa Nebo hawakukisoma.

"Clevester alibatizwa mtoni akiwa mtoto," Shemasi aliendelea, "na jina lake halijafutwa. Huyo ndiye ninayemzika mimi. Yule mwingine, wa Jumamosi usiku, simjui, na sitaki kuambiwa. Siku ya mazishi, ndani ya kanisa, mtu akitaja gita, au bluzi, au kilabu cha Tee, au lile jina lake la sukari, nitakuwa nimeambiwa. Nikishaambiwa, kaburi nalifunga. Siwezi kujifanya sikusikia, Dada. Unanijua."

Alimjua. Hosea Stubblefield aliwahi kujivua ushemasi mwezi mzima kwa sababu alisinzia kwenye maombi, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemwona.

"Na kwenye chakula, baada ya maziko?"

"Chakula kinaliwa ukumbi wa chini. Kule chini sina masikio."

"Watakuja watu wa mbali, Shemasi. Hawamjui kwa lingine lolote."

"Ndiyo maana kuna dakika mbili," Shemasi alisema, "na ndiyo maana upo wewe." Akavaa kofia, akaenda zake.

Ozella akazirudia bamia zake, lakini kisu hakikwenda. Mama yao alipokuwa anaaga dunia alimshika mkono akamwambia, "Huyo mvulana mtamlaza hapa kwangu. Nimemchunga maisha yangu yote na bado sijamaliza." Mvulana mwenyewe wakati huo alikuwa na mvi na wajukuu. Ozella aliahidi. Hakuwa mtu wa kuahidi ovyo, na aliyeahidiwa hayupo tena wa kumfungua.

Sasa, hizo dakika mbili. Nebo mtu akifa, yeyote aliyemjua anaruhusiwa kusimama amseme marehemu kwa dakika mbili, basi. Mshika saa ni mkuu wa wahudumu wa mlangoni, na mkuu wa wahudumu alikuwa Ozella tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Anasimama karibu na benchi la mbele, nguo nyeupe, viatu vyeupe, glavu nyeupe, mkono mmoja mgongoni. Akiinua kidole, malizia. Akiinua kiganja kizima, kaa. Alikuwa hasukumi mtu wala hasemi neno. Meya mmoja alikalishwa na neno lingali mdomoni, na mpaka anastaafu hakulimalizia.

Shida ya kwanza ilikuwa picha. Kila picha ya Clevester ilikuwa na gita ndani yake, mpaka ile ya harusi yake ya pili, ambapo bibi harusi ndiye aliyekatwa nusu. Lurline wa kwaya akachukua mkasi akafanya alivyoweza. Picha iliyotoka kwenye karatasi ya ibada ilimwonyesha Clevester akitabasamu, amefumba macho, mikono ameikunja hewani mbele ya kifua kama anayenyonga kuku.

"Imekaa vizuri," alisema Lurline.

"Anafanya nini hapo?" aliuliza Ozella.

"Anafurahi."

Siku yenyewe magari yalipangana mpaka kwenye mtaro wa shamba la soya. Joto la Agosti lilikuwa limekaa juu ya Mississippi kama mtu mnene juu ya sanduku. Ozella alisimama mlangoni akimnong'oneza kila anayeingia.

"Hakuna gita, hakuna bluzi, hakuna kilabu cha Tee, hakuna Molasi."

"Sasa niseme nini?" aliuliza Roosevelt Pegues, aliyeendesha trekta maisha yake yote na kumaliza Jumamosi zake zote miguuni kwa Clevester.

"Sema alikuwa mtu mwema."

"Ozella, nimemjua miaka na miaka. Sikuwahi kumwona akiwa mtu mwema. Nilimwona akiwa na gita."

"Basi hilo ndilo usilitaje."

"Ah! Hayo mazishi au mtihani?"

Nyuma yake alikuwa Mbelgiji mmoja, Wannes Deprez, mrefu, mwekundu wa jua, amevaa fulana yenye uso wa Molasi kifuani na jina kwa herufi za kusomeka kutoka barabarani. Ozella alimfunga koti vifungo vyote mpaka shingoni kwa mikono yake mwenyewe. Mbelgiji akashukuru. Alikuwa ameruka bahari kwa ajili ya siku hiyo, na kama angeambiwa aingie ndani ya gunia angeuliza gunia liko wapi.

Akaja Bi Tee mwenyewe, mwenye kilabu, kofia yake pana kama sinia. Hakuwa ameingia Nebo tangu utoto wake.

"Tee, unajua ya kutosema?"

"Dada Ozella, mimi nimehojiwa na polisi miaka arobaini," alisema Bi Tee. "Kutosema ndiyo kazi yangu."

Mchungaji alikuwa kijana, Darius Whitlow, ameletwa kutoka Ohio baada ya Pasaka. Alikulia katika nyumba ambamo redio ilifunguliwa kwa mahubiri tu, na alipomuuliza Shemasi marehemu alikuwa akifanya kazi gani, Shemasi alimjibu, "Mambo ya Jumamosi. Tusiingie huko." Mchungaji aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Hakuingia.

Kwaya ikaimba, maombi yakaombwa, kisha ikaja zamu ya dakika mbili. Ozella akajipanga mahali pake.

Wa kwanza alikuwa Roosevelt. Alisimama, akashika benchi la mbele yake.

"Ndugu Clevester," alianza. "Mwaka ule mke wangu aliponikimbia, nilitaka kufa. Ikafika Jumamosi. Nikaenda mahali." Akamtazama Ozella. Kiganja bado kilikuwa mgongoni. "Ndugu Clevester alikuwa hapo mahali. Anafanya kile alichokuwa anafanya. Alinifanyia mimi na watu wengine kama sitini. Watu wazima tulilia kama watoto. Tulikuwa tunalipa mlangoni ili tuingie, na alipoacha tulimwomba aendelee. Nikarudi nyumbani nimepona. Kufika, mke hayupo. Lakini nilirudi nimepona."

"Amina," walisema watu, kwa hisia.

Mchungaji hakusema amina. Alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake.

Akasimama mama mmoja wa Greenwood, Earlean, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. "Mimi alinifanya nimwache mume wangu wa kwanza," alisema. "Sijui alivyofanya. Nilikuwa nimekaa tu kwenye kiti, nimebeba pochi. Akaanza. Alipomaliza, nilikuwa nimeshaamua. Na wa pili nilimpata hapo hapo, meza ya pembeni. Mungu amlaze pema."

"Amina!"

Ozella aliinua kidole, ingawa muda bado. Earlean akaelewa, akakaa. Mchungaji, kitini kwake mbele, akachomoa kalamu, akafuta mstari katika mahubiri yake.

Kisha Wannes. Alitembea mpaka mbele, jasho likimchuruzika ndani ya koti lililofungwa. Kiingereza chake kilikuwa cha kuhesabu maneno, na maneno aliyoyajua zaidi yalikuwa ndiyo yaliyokatazwa. Akasimama akifungua na kufumba mdomo. Kila mtu aliyekuwa amekuja kwa ajili ya Molasi alimwombea kimyakimya.

"Mikono yake," alisema mwisho. Akainua mikono yake mwenyewe kuonyesha. "Kwetu, Ubelgiji, tuko wengi tunaoipenda hii mikono. Tunakutana mara moja kwa mwezi, chini ya nyumba. Tunazima taa." Akafikiri. "Yote aliyoyafanya, mimi ninayo. Kwenye kabati. Mke wangu haruhusiwi kugusa."

Akalia. Ozella hakuhitaji kuinua kitu. Watu wakampisha arudi mahali pake, wakampiga mgongoni, na mzee mmoja akampa kipepeo cha mkono chenye picha ya nyumba ya mazishi apoze uso.

Mchungaji alifuta ukurasa mzima.

Hapo ndipo Ozella alipoona. Uso wa kijana ulikuwa umebadilika rangi. Alikuwa anaitazama ile picha kwenye karatasi ya ibada, ile mikono iliyokunjwa hewani, kama mtu anayetazama shimo. Ozella akatamani amnong'oneze, lakini Shemasi Hosea alikuwa kiti cha pili, amenyooka kama msumari, masikio wazi.

"Bado mmoja," alisema Ozella moyoni. "Bado mmoja tu, tutoke."

Huyo mmoja alikuwa Bi Tee. Alisimama taratibu, kofia ikasimama naye.

"Mimi sina la kusema," alisema Bi Tee. "Nina kitendawili."

"Tega!" kanisa likaitika, kwa sababu hakuna mtu aliyelelewa katika vibaraza vya pale asiyeitika.

"Nyumbani kwangu alikuwa akija mtu, amebeba mtoto kifuani. Mtoto hana miguu, hana jino, tumbo lake lina tundu. Akilazwa pembeni, kimya. Akishikwa shingo na kupapaswa tumbo, analia, na kila mtu chumbani analia naye. Mtu huyo akamliza mtoto miaka arobaini, nami nikamkaribisha kila wiki. Sasa mtu amekwenda. Nauliza, nani tena wa kumliza yule mtoto?"

Kanisa zima lilijua. Midomo ilibanwa, vipepeo vikaenda mbio, Roosevelt akaangalia dari machozi yanashuka mpaka kwenye tai. Hakuna aliyetegua. Shemasi Hosea alitazama mbele, na kama alijua hakuwa ameambiwa. Dakika mbili zote zilikuwa zimekwisha, na hakuna hata neno moja lililoanguka. Nje, dirishani, Ozella aliliona rundo la udongo mwekundu ubavuni kwa mama yake.

Mchungaji Whitlow akapanda mimbarani. Alikunja karatasi zake, akaziweka mfukoni.

"Wapendwa, nilikuja na mahubiri mengine," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Sitayahubiri. Tutasoma habari za yule mwizi msalabani."

Watu wakatazamana.

"Maana, wapendwa, tusidanganyane. Mimi ni mgeni, lakini nina masikio. Kumbe ndugu yetu alikuwa na mambo yake. Mambo ya gizani. Mtu anayewaliza wanaume wazima na kuwalipisha mlangoni. Mtu anayevunja ndoa ya mwanamke aliyekaa tu na pochi yake." Akajifuta paji la uso. "Mtu ambaye, huko ng'ambo, ana wafuasi wanaokutana chini ya nyumba na kuzima taa. Kuna kabati, wapendwa! Sijui ndani ya hilo kabati kuna nini, na siombi kujua!"

"Mungu wangu," alinong'ona Wannes, ambaye hilo neno kabati alilielewa.

"Na yule mtoto." Hapo sauti ya Mchungaji ilikatika. "Bila miguu. Tumbo lina jeraha. Miaka arobaini, wapendwa, na hakuna aliyekwenda kutoa taarifa! Lakini hata huyu, hata huyu, rehema inamtosha. Mwizi naye alisamehewa. Mwombeeni Clevester Gathings, mwenye dhambi mkubwa kuliko wote waliowahi kulala katika kanisa hili..."

Hakuna aliyesema amina. Nyuma mtu aliuliza kwa sauti, "Mtoto gani?" akanyamazishwa.

Ozella alikuwa bado amesimama mahali pake, mkono mgongoni. Alichotakiwa kufanya kilikuwa hicho tu, kusimama. Mahubiri yangefika mwisho kama mahubiri yote, jeneza lingetoka mlango wa pembeni, na kabla jua halijapinda Clevester angekuwa amelala kwa mama yake. Ahadi imetimia. Ila mama yake angeletewa nani pale? Angeletewa mkatili wa watoto kutoka katika kichwa cha kijana wa Ohio. Maneno ya mimbarani hayafutiki. Yangetoka humo yaende Greenwood na Memphis na Ubelgiji, na mama yake, aliyemjua yule mvulana mpaka kovu la goti, angelala pembeni mwa mtu ambaye hakumzaa.

Mkono wa Ozella ukatoka mgongoni. Ukapanda juu. Kiganja kizima.

Hakuna mhudumu yeyote wa Nebo aliyewahi kumwinulia mhubiri kiganja. Lurline alipiga kelele ndogo. Mchungaji akasita.

"Dada, mimi sina dakika mbili. Mimi nahubiri."

"Najua, Mchungaji. Kaa hata hivyo."

Kijana akakaa. Baadaye alisema hajui kwa nini, miguu ilikunjika yenyewe.

Ozella hakumgeukia yeye. Alimgeukia Shemasi, maana huyo ndiye waliyekuwa na mapatano.

"Shemasi Stubblefield, nakuambia mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, ndani ya kanisa. Mdogo wangu alikuwa anapiga gita. Alipiga bluzi, kwenye kilabu cha Tee, kila Jumamosi aliyokuwa nyumbani, na watu walimwita Molasi. Hakuna lingine alilofanya gizani. Yule mtoto ni gita."

Vipepeo vyote vilisimama.

"Gita?" aliuliza Mchungaji kutoka kitini.

"Gita, Mchungaji."

"Na... na kabati?"

"Santuri," alisema Wannes, akasimama, na kwa kuwa mambo yalikwisha kuharibika akafungua koti lake. Molasi Gathings akatokeza kifuani, anacheka, na gita lake lote.

Mchungaji alilitazama lile gita muda mrefu. "Sasa kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Tulikuwa tunakuambia, mwanangu," alisema Bi Tee. "Polepole."

Shemasi Hosea akainuka. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa wa mtu anayebeba kitu kizito ngazini na hana pa kukiweka.

"Nimeambiwa," alisema. "Kaburi la Clevester Gathings limefungwa. Dada Ozella, ulijua."

"Nilijua."

"Na kumwinulia mhubiri mkono ni kosa la kukalishwa. Miezi mitatu bila glavu."

Ozella akavua glavu, kidole kwa kidole, akampa. Mikono yake ilionekana midogo bila hizo. Akageuka amtazame yule aliye jenezani, kisha akamrudia Shemasi, kwa sababu kuna jambo lilikuwa limemjia.

"Shemasi, mkono wa kulia wa mama, lile kaburi la upande wa ua. Ni la nani?"

"Lako. Ulipewa kwa utumishi. Baba yenu amezikwa Arkansas na yule mke wake mwingine, kwa hiyo nafasi ilikuwepo."

"Ni langu hasa? Si la kanisa?"

"Lililokwisha kutolewa limetolewa."

"Kanuni inasema nini mtu akitaka kumpa ndugu yake kilicho chake?"

Shemasi akafumba macho. Kanuni za Nebo alikuwa nazo kichwani zote, kutoka ya kwanza mpaka ile ya kutofunga nyumbu kwenye uzio. Alizipitia moja moja, midomo ikicheza, na kanisa zima likamngoja, hata Mchungaji.

"Haisemi neno," alisema alipofumbua macho, na ungesema amepumua.

"Basi nampa."

"Na wewe utalala wapi, Dada? Lile la kushoto limefungwa kwa jina la Gathings. Siwezi kukupa."

"Nitaangalia nikifika."

Lurline wa kwaya, aliyekuwa akiomba nafasi upande ule wa uwanja kwa muda mrefu, akauliza kwa upole kama la kushoto sasa liko wazi. Shemasi alionekana akiliweka akilini.

Wachimba kaburi walikuwa wamekwisha kwenda kula. Kwa hiyo lile la kulia lilichimbwa na watu wa Molasi wenyewe, na suti zao. Roosevelt alivua viatu vya kanisani akachimba na soksi tu miguuni. Earlean alivuta ndoo. Wannes alichimba mpaka malengelenge yakamtoka, akayatazama kwa fahari, akaendelea. Mchungaji Whitlow alishuka shimoni bila kuombwa, akachimba zaidi ya wote, hasemi na mtu. Shemasi Hosea alisimama pembeni amewashikia makoti.

"Ila mama yenu alisema kushoto," alisema Roosevelt, akihema.

"Mama atageuka," alisema Ozella.

Wakamzika. Mchungaji alisoma maneno mafupi, akamwita ndugu Clevester, akasita, akaongeza, "aliyekuwa na mikono mizuri." Safari hii amina ilisikika mpaka kwenye soya.

Ukumbi wa chini ulinukia kambare wa kukaanga, sukuma na makaroni ya jibini. Miaka yote Ozella alikuwa akihudumia chakula hicho, hajui kiti chake kikoje. Leo hana glavu, hana kazi. Wakamkalisha mezani katikati ya watu wa Molasi, wakamletea sahani kama mgeni, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. Shemasi Hosea alikuwa meza ya pili, mgongo kwao, anakula keki. Huku chini hakuwa na masikio.

"Sasa niseme?" aliuliza Roosevelt.

"Sema. Mikono yangu iko mezani, unaiona."

Loo, walisema! Roosevelt akaanza upya na ile Jumamosi ya kukimbiwa na mke, na safari hii gita lilikuwamo, na wimbo wa mafuriko, na joto, na bia iliyomwagika, na namna Molasi alivyokaa dakika nzima anagonga mguu tu mpaka watu wakadhani amesahau alichofuata. Wannes akasema alimwona mara moja tu, Antwerp, mvua inanyesha, na kwamba Molasi alimuuliza kuku wa pale wanakula nini mbona hawana ladha. Earlean akamwonyesha mume wa pili kwa kidole. Alikuwa pale pale, anakula.

"Mniache nami niseme langu, la kweli," alisema Bi Tee, akavua kofia kuiweka magotini. "Ozella, hili hulijui. Kila Jumamosi, kabla hajagusa uzi hata mmoja, alikuwa anainuka kwenda kufunga dirisha la upande wa kwenu. Joto la kuua! Wateja wananipigia kelele mimi. Namwambia, Molasi, fungua hilo dirisha, watu wanazimia. Ananiambia, hapana Tee, dada yangu yuko kitandani ng'ambo ya shamba, kesho ana kanisa, sitaki asikie."

Watu wakasema, "Aa," wakainamisha vichwa.

Ozella alitafuna kambare. Akatoa mwiba mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani.

"Tee," alisema, "lile dirisha halikuwa na kioo."

Bi Tee akabaki mdomo wazi, akilitafuta lile dirisha kichwani.

"Kweli," alisema taratibu. "Kilipigwa chupa. Sikuweka kingine."

"Najua." Ozella akamgeukia Roosevelt. "Wewe hebu sema vizuri. Usiku ule wa mkeo, umesema alianza na ule wimbo wa mafuriko?"

"Ndiyo. Nakumbuka kama leo."

"Hukumbuki. Alianza na ule wa nyumbu. Akaufikisha katikati, uzi ukakatika, akacheka, ndipo akapiga wa mafuriko kwa nyuzi tano. Akaupiga chini chini mwanzo mpaka mwisho, kitu ambacho hakuwahi kurudia."

Wannes aliweka uma chini. Alikuwa amekuwa mweupe.

"Huo wa nyuzi tano," alisema, "mimi sina."

"Huna," alikubali Ozella, akamsogezea bakuli la sukuma. "Kula, kijana. Chakula kinapoa."